Kadirio la Chini

Fomu ya Salimatou niliijaza kwa mkono wangu mwenyewe, na jibu la swali la saba niliandika huku nikijua si kweli.

Ilikuwa Jumapili mchana, nyumbani kwa dada yangu mkubwa, Tiguidanké, ghorofa ya tisa, mtaa wa Droixhe hapa Liège. Dada alikuwa jikoni akikoroga maziwa ya mgando ya kulia lacciri, ule ugali wetu wa chengachenga za mahindi. Salimatou, binti yake tunayemwita Salima, alikuwa amekunja miguu kwenye kochi mbele yangu. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

“Usinionee aibu, mama mdogo,” aliniambia. “Niulize kama unavyowauliza wenzangu.”

Mimi ni Dalanda Bah, Mfulani wa Labé, Gine. Kazi yangu ni ukalimani katika wodi ya wazazi. Mwanamke wa kwetu akija kujifungua na Kifaransa hakimtoshi, mimi ndiye mdomo wake. Mwaka ule alikuja profesa mmoja wa chuo kikuu, Wivine Lambotte, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Alikuwa amepewa kazi ya kukadiria ni wanawake wangapi katika Ubelgiji wamekeketwa, na ni wasichana wangapi wako hatarini. Jambo hili huwezi kulihesabu kwa kugonga milango. Kwa hiyo, kama nchi nyingine za Ulaya, walikuwa wakichukua idadi ya wanawake waliotoka kila nchi, wakatazama huko kwao katika kila mia wamekeketwa wangapi, kisha wakazidisha. Kwa Gine hesabu hiyo ni nyepesi, maana ni karibu wote. Lakini profesa hakuridhika. Alisema waliohama si sawa na waliobaki. Wengine walikimbia kwa sababu hiyohiyo. Akataka waulizwe wanawake mia kadhaa, kwa lugha zao, na majibu yao yalinganishwe na yale wanayoyaona wakunga wakati wa kuzalisha. Akaniajiri nami niwe mmoja wa waulizaji.

Msaidizi wake alikuwa Salima. Alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya takwimu, na ndiye aliyenifundisha kujaza zile fomu.

“Wasichana waliozaliwa huku tunawakadiria mara mbili,” alinieleza siku ya kwanza. “Kadirio la juu linasema mama zao wamewafanyia kama walivyofanyiwa wao. Kadirio la chini linasema kuhama kumebadilisha kila kitu. Ukitaka kuliona kadirio la chini kwa macho, nitazame mimi.”

Basi Jumapili ile nikamuuliza swali la saba, kama amekeketwa.

“Hapana. Baba alikataa. Andika kwa herufi kubwa.”

Kule jikoni kijiko kilinyamaza. Nikaandika hapana.

Swali la nane lilihusu kusafiri: kama aliwahi kupelekwa nchi ya wazazi wake kabla ya miaka kumi na mitano.

“Mara moja tu, na wewe,” alisema. “Sikumbuki kitu ila mgongo wako. Ulinibeba likizo nzima kama binti wa chifu. Mama, wewe hujawahi kunibeba hivyo.”

“Wewe ulikuwa mzito kama gunia,” dada akajibu kutoka jikoni. Sauti yake ilikuwa ya kawaida.

“Basi ndiyo maana Mungu akawaumba akina Bah. Waje kutubebea mizigo sisi akina Diallo. Hata marehemu baba alisema.”

Utani huo ni wa kale baina ya koo zetu, nami nilipaswa kumjibu kwamba akina Diallo ni walafi wa maharage wasiojua kuchunga hata mbuzi. Nilimjibu hivyohivyo. Tukala. Dada hakunitazama mpaka nilipoondoka.

* * *

Baba yake Salima, Alfa Diallo, alikuwa dereva wa lori. Dada yake wa kufuatana naye alikeketwa huko Gine, mjini Pita, akatokwa na damu siku nzima, akafa jioni akiwa na miaka saba. Alfa alipozaa binti aliapa kwamba wembe hautamgusa, na aliapa mbele ya watu, msikitini, harusini, popote. Wanaume wengine walimcheka, yeye akawa anawacheka wao.

Salima alipokuwa na miaka minne, mama yangu alimwita Labé ili amwone mjukuu wake. Dada alikuwa na mimba iliyomlaza kitandani, mimi nilikuwa nakwenda, hivyo nikapewa mtoto. Uwanja wa ndege Alfa aliniambia, “Dalanda, mtoto huyu arudi kama alivyo.” Nikamwambia, “Shemeji, hata unywele.”

Ningependa kusema kwamba nilitumwa sokoni, nikarudi nikakuta yamekwisha. Ndivyo nilivyomwambia dada yangu, na kwa miaka mingi nilikuwa karibu kuamini. Lakini nilikuwepo. Siku ya tano asubuhi mama alinikalisha akaniuliza mtoto huyu ataolewa na nani, na yeye mama atamjibu nini dada zake watakapouliza. Hakunipigia kelele. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, mimi mwenyewe nimefanyiwa, nilijua maumivu yake tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa na simu mfukoni. Sikumpigia mtu. Ngariba aliposema anataka mtu wa kushika mabega, nikashika.

Alikuwa hawezi kutembea. Kwa hiyo nilimbeba mgongoni siku kumi, nikimwimbia, nikimnunulia machungwa na biskuti, na yeye akanipenda kwa hilo mpaka ukubwani.

Dada aligundua siku ya kwanza tu, alipokuwa akimwogesha. Alfa alikuwa sebuleni akitazama mpira. Dada alifunga mlango wa bafu kwa ufunguo, akakaa sakafuni, akaniuliza kwa sauti ya chini kilichotokea. Nikamdanganya ile habari ya soko. Aliwaza kidogo tu. Alfa akijua ataniua au atamwacha yeye, na serikali ikijua itamchukua mtoto. Tukakubaliana kwamba mtoto alianguka kwenye kingo za kisima. Wiki mbili baadaye ile mimba ikatoka, na dada hakushika nyingine tena.

Alfa alifariki kwa moyo kusimama akiwa barabarani karibu na Namur, Salima akiwa na miaka kumi na miwili. Kwenye matanga yake watu walimsifu kwa kiapo chake. Mwanamke mmoja alisema kwa sababu yake yeye pia hakuwagusa binti zake watatu. Dada alikuwa amekaa karibu yangu, na mkono wake ulikuwa baridi kama wa maiti.

Mimi sikuolewa tena baada ya talaka yangu, sikuzaa. Nilijitia katika kazi ile ya wodi, na kila mama Mfulani aliyejifungua binti nilimkalisha nikamsihi asimpeleke. Nilijulikana kwa hilo. Niliwahi hata kupewa shada la maua.

* * *

Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nimejaza fomu sitini na moja. Wanawake wale walinipokea kwa sababu walinifahamu. Wengine walijibu maswali yote wakiwa wanakunja nguo, bila kuinua macho. Mmoja, bibi wa miaka sabini aitwaye Kesso, alinijibu kisha akaniambia hajapata kulisema neno lile kwa mdomo wake tangu azaliwe, hata kwa mumewe aliyemzika.

Alasiri moja Salima aliniita chuoni. Alikuwa na chumba kidogo kinachotazama mto Meuse, meza imejaa karatasi. Alikuwa ameshalinganisha majibu ya wanawake waliojifungua na maandishi ya wakunga, na kuna kitu kilimkera.

“Sita hawalingani,” alisema. “Wamesema hapana, wakunga wameandika ndiyo. Wote sita walizaliwa huku au walikuja wakiwa wadogo sana.”

Nilimwambia labda walifanyiwa wakiwa wachanga.

“Hata kama. Mtu anawezaje kutojua mwili wake? Na mama yake angemwambia.” Alilisema hilo kwa wepesi, akiwa anapekua karatasi. “Mimi naona wakunga ndio wamekosea. Wengine hawakufundishwa kutazama. Nitamshauri profesa tufuate maneno ya wanawake wenyewe, hao sita tuwaweke upande wa hapana.”

“Ukiwaweka huko itakuwaje?”

“Kadirio la wasichana wa huku litashuka. Tena sana, kwa sababu sita hawa wanawakilisha wengi. Ni habari njema, mama mdogo, mbona umekunja uso?”

Nilimtazama akiandika. Niliona kwamba alikuwa anawafuta wenzake sita kwa sababu alikuwa anajijua yeye, na alichokijua nilikuwa nimemwandikia mimi. Nikamwomba afunge mlango.

Nilimwambia yote. Sikumtaja mama yangu kwanza, wala sikuanza na ile habari ya soko. Nilianza na mabega.

Hakupiga kelele. Aliweka kalamu chini, akaniuliza maswali moja baada ya jingine, kwa sauti ileile tuliyofundishwa kuwaulizia wanawake.

“Nilikuwa na miaka mingapi?”

“Minne na miezi miwili.”

“Nani alinishika?”

“Miguu, jirani mmoja. Mabega, mimi.”

“Nililia?”

“Uliniita mimi,” nikamwambia. “Ulidhani nimekuja kukutoa.”

Nje kulikuwa na tishari refu lililopakia mchanga likipita mtoni, naye alilitazama mpaka likaisha.

“Kumbe ndiyo maana ulinibeba,” alisema.

Niliitikia kwa kichwa.

“Baba alijua?”

“Hapana. Alikufa hajui.”

Hapo ndipo alipolia, na alimlilia baba yake tu. Nilipotaka kumshika aliinua kiganja, nikarudi kwenye kiti changu. Baada ya muda alijifuta uso, akavuta bunda la fomu, akauliza ni ngapi nilizojaza mimi. Nikamwambia sitini na moja.

“Hakuna hata moja inayoweza kutumika.”

“Salima, zile nyingine ni kweli tupu. Nakuapia.”

“Nani atajua, mama mdogo? Uliandika jibu ukijua ni uongo. Profesa akiniuliza nitamwambia nini, kwamba ulidanganya mara moja tu?”

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuniita mama mdogo.

* * *

Alikwenda kwa mkunga mkuu wa wodi yetu, Monique Thonnart, akachunguzwa. Monique ni mwanamke wa maneno ya polepole. Alimwonyesha, akamweleza, akamwandikia. Mimi nilikwenda kwa profesa nikakiri, kisha nikaenda polisi. Afisa aliyeniandika alikuwa kijana, aliniomba mara mbili nimtajie herufi za jina la mama yangu. Jalada lipo. Salima ameitwa akasema bado hajaamua anataka nini, na hiyo ni haki yake. Kazi ya fomu niliondolewa siku ileile. Wodini wameniacha, lakini shada la maua nilikwenda kulitoa ukutani mwenyewe, lilikuwa limekauka miaka.

Dada alikuja kwangu wiki ya pili. Hakuvua koti.

“Tulikubaliana tuzikwe nalo,” alisema.

“Alikuwa anataka kuwafuta wale sita, dada. Kwa ajili ya jibu nililomwandikia mimi.”

“Sita gani? Mimi nina mmoja.”

Nilimwambia basi na nilimalize lote, nikamweleza kwamba sikuwa sokoni. Nilitamani anipige. Akasema, “Nilijua. Mtoto aliniambia usiku wa kwanza tu, kabla hajasahau. Alisema, mama mdogo alinishika.” Kisha akaondoka, akateremka ngazi zote kwa miguu ingawa lifti ilikuwa inafanya kazi. Miaka kumi na tisa alikuwa amenikaribisha chakula kila Jumapili akijua.

Wale wanawake wengine sitini hawakuachwa hivihivi. Salima alimwomba profesa miezi miwili, akaenda nyumba kwa nyumba yeye mwenyewe na Kifulani chake cha kuvunjikavunjika, akiwaomba wajibu tena. Thelathini na wanane walikubali. Waliobaki walisema wameshasema mara moja na hawana nguvu ya kusema mara ya pili. Bibi Kesso alikuwa miongoni mwa waliokataa. Nilikutana naye nje ya msikiti akaniuliza, bila hasira, kama maana ya fomu yake kufutwa ni kwamba hakusema kitu. Nilimwambia alisema, mimi ndiye niliyelipoteza neno lake.

Ripoti ilitoka vuli. Ina namba mbili, ya chini na ya juu, na kati ya hizo mbili kuna maelfu ya wanawake ambao hakuna awezaye kusema wako upande gani. Wale sita wamewekwa upande wa ndiyo. Kuna maelezo madogo chini ya ukurasa kwamba msichana aweza kufanyiwa katika umri ambao hatakumbuka, na kwamba kutojua si ushahidi. Nilimtambua aliyeyaandika.

* * *

Kabla ya hapo, mwezi wa saba, Salima alikuwa amempigia simu bibi yake Labé. Alipiga akiwa nyumbani kwa mama yake, simu ikiwa mezani, sauti wazi, na dada ndiye aliyenisimulia baadaye, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo lazima nilijue.

Mama yangu ana miaka themanini na moja. Alifurahi kusikia sauti ya mjukuu. Salima alipomweleza kwa nini amepiga, alijibu kwamba walimfanyia kwa heshima, walichinja kuku wawili, na kwamba walimpenda. Salima hakubishana naye. Alimuuliza swali moja: ni wasichana wangapi waliopitishwa katika ua ule.

Bibi akasema watu hawahesabiwi kama ng'ombe. Salima akamwambia basi nitajie majina.

Alianza kutaja. Alikwenda taratibu, kwa nyumba, kwa mwaka wa mvua nyingi na mwaka wa nzige, binti wa fulani na pacha wake, wake wa kaka zake, mimi na Tiguidanké. Salima alikuwa akiandika. Dada anasema alifika majina arobaini na kitu, sauti ikawa inapungua, mwisho akataja jina ambalo dada hakulifahamu. Yaye Ramata.

“Huyo ni nani, Nènè?” dada akaingilia; Nènè ndivyo tunavyomwita mama.

Mama alisema huyo ndiye mwanawe wa kwanza. Alizaliwa miaka mitatu kabla ya Tiguidanké. Alikeketwa akiwa na miaka mitano. Walimlaza pamoja na wenzake wanne chumba cha nyuma, na asubuhi wenzake waliamka. Baba yetu alimkataza asimtaje tena, naye hakumtaja.

“Ulijua, na bado ukanifanyia mimi,” Salima alimwambia. Haikuwa swali.

Kisha wakamsikia analia, kilio cha mzee, kisicho na pumzi. Alisema kama angeacha baada ya Ramata, ingekuwa Ramata amekufa bure. Salima alimsikiliza mpaka mwisho, akamwombea bibi afya njema kama mtoto wa Kifulani anavyopaswa kufanya, akakata simu.

Kwa hiyo nikiwa na miaka arobaini na minne niliambiwa kwamba nilikuwa na dada mwingine. Tiguidanké alinipigia yeye mwenyewe, mara ya kwanza tangu siku ile ya koti. Alisema amewaza sana na haoni haki kwamba mtoto alale miaka hamsini bila dua.

Ijumaa tukafanya sadaka nyumbani kwake. Tulitwanga mchele, tukafinyanga vidonge vya unga na asali, tukaweka kokwa nyeupe za kola kwenye kibao. Tulifanya kazi meza moja, mikono yetu ikigusana, bila mazungumzo ya maana: lete maji, ongeza asali. Hatuna picha yake. Imamu alipouliza marehemu aliitwa nani, tukajibu kwa pamoja: Yaye Ramata.

Salima alichelewa. Aliingia dua ikiwa katikati, akaketi karibu na mlango, akainua viganja kama sisi. Ilipokwisha, dada alimpa fungu lake kwenye kitambaa. Alilipokea, akambusu mama yake paji la uso. Kwangu alisimama kidogo.

“Pole kwa msiba, Bi Dalanda,” alisema.

Nikamwambia na yeye pole. Akavaa viatu vyake, akaondoka.